Picha Moja Bure

"Futa," alisema mzee.

Najua kuna waliolitukana gazeti hili wiki iliyopita kwa kuishia kwenye neno hilo. Wamesamehewa. Machozi, aliyelisikia kwa masikio yake mwenyewe, alikuwa na hasira kuwashinda nyote.

Kwa anayeingia leo, Machozi ni muuzaji kwenye studio ya picha za familia. Kamera hajawahi kuishika. Kazi yake huanza mpiga picha akishamaliza, pale anapowaingiza wateja kwenye chumba chenye giza kidogo, akawakalisha kwenye sofa linalomeza watu mpaka magoti yakaribiane na kidevu, akawasha muziki wa kuhuzunisha, kisha akaanza kuwaonyesha picha zao moja moja kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ukutani. Watoto huwa wamepelekwa chumba cha michezo. Viatu vya familia nzima viko kwenye kabati la mapokezi, kwa sababu zulia la kupigia picha ni jeupe, na kabati hilo halifunguliwi mpaka mambo yaishe. Boksi la tishu huwekwa karibu na mwenye moyo mwepesi.

Jina lake halisi watu wameshalisahau. Wanamwita Machozi kwa kuwa hakuna mama aliyewahi kutoka chumba kile na macho makavu.

Mteja akiwa mgumu, Machozi huweka kidole kwenye kitufe chekundu na kusema kwa upole kwamba picha ambazo hazikununuliwa leo hufutwa leo leo. Hapo mama hushika kifua, baba hushika pochi, na biashara imekwisha. Tangu aanze kazi hakuna mteja aliyewahi kumwambia afute.

Huyu alikuwa wa kwanza. Mtaani kwake humwita Dalali, kwa sababu ujana wake wote aliuza ng'ombe na makabati ya watu kwenye minada. Alikuwa amezama kwenye sofa, soksi yake moja imetoboka kwenye kidole gumba, anamtazama Machozi bila kupepesa. Kushoto kwake alikaa mkewe, Bibi, mikono mapajani. Kulia alikaa binti yao, Mama Pacha, ambaye ndiye aliyewaletea balaa hili. Alipewa kuponi ya picha moja bure na mtu aliyevaa vazi la sungura mlangoni mwa duka kubwa, akawavalisha wazazi na wanawe mapacha nguo zilizopigwa pasi, akaja nao.

"Bonyeza," sauti ilimnong'oneza Machozi sikioni. "Anatikisa kiberiti huyo."

Mwenye sauti alikuwa Mama Fremu, mwenye studio, ambaye hukaa ofisini kwake akisikiliza kila kinachosemwa kwenye chumba kile, na kumwongoza Machozi kupitia kidude kilichofichwa chini ya nywele.

Sasa niwape siri. Kitufe kile hakifuti kitu. Ukikibonyeza kwa picha ambazo mteja hakuzimudu, kompyuta hutoa sauti ya karatasi inayokunjwa, picha inapotea kwenye kioo, halafu inakwenda kulala salama kwenye faili linaloitwa Huruma. Wiki kadhaa baadaye Mama Fremu mwenyewe hupiga simu, anaita wateja kwa sauti ya mtu aliyetoka msibani, anawaambia fundi amehangaika usiku na mchana na kwa bahati kubwa ameziokoa. Bei ya picha zilizookolewa huwa juu kidogo. Watu hulipa huku wanashukuru.

Kwa hiyo Machozi hakuwa na wasiwasi. Alianza na picha mbaya, kama alivyofundishwa. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Pacha akipiga chafya, mapacha wamemgeukia kwa hofu. Akabonyeza. Chwaa.

"Futa na inayofuata," alisema Dalali.

Chwaa. Mama Pacha akamshika baba yake mkono, akamwomba waongee kwanza. Dalali akamwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yeye hajawahi kuona bidhaa nzuri inayouzwa gizani kwa watu waliovuliwa viatu. Chwaa. Mapacha wamekumbatiana. Mama Pacha akavuta tishu. Chwaa. Mapacha na babu yao. Akavuta mbili.

Machozi alimwangalia yule mzee, akaona kitu kilichomtisha. Alikuwa anafurahia. Kila picha ikipotea alitikisa kichwa kidogo kama mtu anayehesabu ng'ombe wakipita getini.

"Nenda kwenye ya bibi," Mama Fremu alinong'ona. "Hiyo ndiyo risasi."

Machozi akaileta.

 Picha ilimwonyesha Bibi peke yake, amekaa kwenye kigoda cha studio, kichwa amekitupa nyuma, anacheka. Mdomo ulikuwa wazi mpaka ndani, na pale mbele juu, palipotakiwa kuwa na jino, palikuwa na pengo safi lisilo na aibu. Machozi alikuwa ameshawaona wateja wengi kwenye kioo kile wakijilazimisha kutabasamu. Huyu hakuwa amejilazimisha, na kwa sekunde moja muuzaji wetu alisahau bei.

Dalali alifungua mdomo. Bibi akamwekea mkono gotini, akaufunga.

"Huyo ni mimi?" aliuliza Bibi.

Machozi alijua la kufanya. Alipunguza muziki, akapiga goti moja mbele ya yule mama, akamuuliza kwa sauti yake ya asali ni lini mara ya mwisho alijiona akicheka. Swali hilo huwa halijibiwi. Huwa linaliwa na kilio.

Bibi alilijibu. Alisema hajawahi. Jino hilo lilivunjika utotoni alipoanguka, na picha zake zote, hata za harusi, ameziba mdomo au ameufunga. Leo alijisahau. Aliyasema hayo kwa utulivu kabisa, macho kwenye kioo, na aliyevuta tishu ya tatu alikuwa binti yake.

"Baba, mnunulie," alisema Mama Pacha.

Dalali alijikuna shingo. Kisha akatoa kuponi kwenye mfuko wa shati na kuiweka juu ya meza kwa madaha, kama anayeweka karata ya ushindi. Kuponi inasema picha moja bure, alisema. Basi wameshachagua. Ni hiyo.

Machozi karibu acheke. Kwa miaka yote hiyo watu walikuwa wanakuja na kuponi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukumbuka kuidai baada ya kukaa kwenye sofa lile. Nusura aseme sawa. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi.

"Ya bure inachaguliwa na studio," alifoka Mama Fremu sikioni. "Mpe ile wote wamefumba macho, saizi ya kiberiti. Hiyo ya bibi iko ndani ya Kifurushi cha Ukoo, na albamu, na vikombe, na saa ya ukutani. Ukimpa bure, kesho sungura ni wewe."

 Vazi lile la sungura halijafuliwa tangu studio ifunguliwe. Aliyelivaa mwezi uliopita alirudi na vipele, na aliyelivaa kabla yake hakurudi. Na si vazi tu. Ndugu wote wa Machozi wanajua kwamba yeye ni mtu wa ofisini, na mlangoni mwa duka lile hupita ukoo mzima. Basi akayasema maneno aliyolishwa, neno kwa neno, mpaka kwenye saa ya ukutani.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kicheko changu kinakuja na vikombe," alisema.

"Ndiyo, mama. Na saa."

"Basi futa, mwanangu. Kicheko nilikizaa mwenyewe, kikombe ninacho."

Mama Fremu sikioni alikuwa anacheka. Bonyeza, alisema, hao nawapigia simu mwezi ujao watanunua mpaka fremu za choo. Machozi akabonyeza.

Chwaa.

Wakati huo huo mlango ukafunguliwa kwa kishindo akaingia Waya, fundi wa kompyuta, anahema, mikono juu kama refa. Hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kuingia chumba kile mteja akiwa ndani. Waya alikuwa amelisahau hilo.

"Mmebonyeza?" aliuliza. "Nimesikia sauti ukutani. Dada, niambie hujabonyeza."

Machozi alimkonyeza anyamaze. Waya ni mtu wa nyaya. Kukonyezwa hakumwambii kitu. Alieleza, mbele ya wateja, kwamba asubuhi Mama Fremu alimwambia kompyuta imejaa, apunguze mizigo. Yeye akafungua faili la Huruma, akalisafisha, akakata na njia ya kupeleka picha kule. Alitaka kuja kusema, akaambiwa kuna wateja asithubutu kuingia.

"Sasa wewe kijana, kwani kazi ya kitufe hicho si kufuta?" aliuliza Dalali.

"Hapana, mzee. Kile huwa hakifuti. Ila leo kinafuta."

Hapo mtama ulikuwa umeshamwagika wote, na kuku wameona.

Mama Pacha aliinuka kwenye sofa kwa jaribio la tatu, akasema aliyotaka kusema tangu alipovuliwa viatu. Sitayaandika yote, gazeti hili husomwa na watoto. Dalali yeye alicheka mpaka akakohoa. Alisema katika maisha yake ameuza ng'ombe kipofu akimsifia kuwa ana aibu, ameuza kitanda kibovu kwa bwana harusi, lakini kumtishia mtu kwa kitufe cha uongo halafu kitufe kikageuka cha kweli, hilo hajawahi kuliona, na angelipa kiingilio.

Bibi hakucheka wala hakugomba. Alikuwa bado anaangalia kioo, ambacho sasa kilikuwa cheusi.

"Kwa hiyo kimekwenda," alisema.

 Machozi alikuwa amewaliza watu wengi kwa picha ambazo alijua zimelala salama, na alikuwa akirudi nyumbani kula na kulala vizuri, kwa sababu hakuna kilichopotea. Leo kimepotea. Mama huyu alikuwa na kicheko kimoja tu duniani kilichowahi kushikwa, na kidole kilichokifuta kilikuwa chake. Aliona aibu, aibu ya moto, mpaka masikio yakamuuma.

Sikioni Mama Fremu alikuwa ameshapata mpango mpya. Mtoe huyo mjinga nje. Waambie tunawapiga upya kwa nusu ya bei, lakini lazima wachukue Kifurushi. Machozi akachomoa kile kidude, akakifunga kwenye tishu, akakiweka ndani ya boksi.

"Nimefuta mimi, mama," alimwambia Bibi. "Nisamehe. Twende tukapige nyingine. Hamtalipa."

Mpiga picha alikuwa ameshaondoka kwenda kula. Kamera ilikuwa kwenye miguu yake mitatu katika chumba cheupe, na mlangoni mwa chumba hicho alikuwa amesimama Mama Fremu, mwembamba, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Mkononi alishika vazi la sungura, masikio yananing'inia. Alisema kamera ile ikiguswa, Machozi achague palepale: vazi au mlango.

"Nitavaa, nitatoka, vyovyote," alisema Machozi. "Niachie kwanza nimalize na mteja."

Akampita. Nyuma yake ilipita familia, soksi kwa soksi, na mwisho Waya, ambaye aliona si vizuri kubaki.

Bibi alikaa kwenye kigoda. Taa zikawashwa. Machozi alisimama nyuma ya kamera bila kujua ashike wapi, Waya akamwonyesha. Na Bibi, taa zilipompiga tu usoni, mkono ukapanda wenyewe na kuziba mdomo.

Walijaribu. Mama Pacha alikumbusha kilichomchekesha mama yake mara ya kwanza: baba alipoambiwa avute tumbo ndani, akavuta kwa kiburi, na alipoliachia kifungo cha suruali kikaruka na kumpiga mpiga picha. Lakini kifungo kilikuwa hakijaonekana tena, na jambo la namna hiyo halipangwi. Mama Pacha akasimulia kichekesho cha daktari na mgonjwa kiziwi, akaanza mwisho kabla ya mwanzo. Waya akacheza. Machozi naye akasimulia kimoja, lakini sauti yake ilikuwa imezoea kazi nyingine, na alipofika katikati Mama Pacha akaanza kulia.

Bibi aliwaangalia wote kwa huruma, mkono mdomoni.

"Mwacheni," alisema Dalali.

Alisogea mbele ya kigoda, akapandisha suruali isiyo na kifungo, akakohoa. Kisha ikatoka sauti ambayo haikuwa imetoka kwa muda mrefu, sauti ya mnadani, nene na ya haraka, ikajaza chumba.

"Sogeeni, sogeeni, leo nauza mzee mmoja. Ametumika, sikatai. Magoti yanalia kama bawaba, lakini bado yanakunjika. Anakoroma, ila wezi wakimsikia wanajua mwenye nyumba yumo. Kupika hajui, kufua hajui, kushauri anajua hata asipoulizwa. Hachagui chakula, anachagua kiti. Anauzwa alivyo, hakuna kurudisha. Nani anaanza?"

Waya aliangua kicheko. Mama Pacha akajifuta pua na kucheka. Mabega ya Bibi yalianza kutikisika. Machozi aliinama kwenye kamera, akaona vidole vya yule mama vinaanza kulegea, kimoja, kingine. Hata Mama Fremu alikuwa ameshasogea hatua mbili ndani na sungura wake, asikie vizuri.

"Nani anaanza?" alirudia Dalali. "Mama pale mbele, naona unamtamani."

"Namtaka," alisema Bibi nyuma ya mkono. "Lakini mnada wako una kasoro. Ulikuwa unasema mnadi asiyetaja kilema cha ng'ombe ni mwizi. Taja kilema."

"Nimetaja. Magoti."

"Taja kwa nini naziba mdomo."

 Dalali alimtazama binti yake, akamtazama Waya, akatazama zulia. Kisha akasema, bila sauti ya mnadani. Siku ya harusi yao, mbele ya wageni, mkewe alicheka, na yeye akamwambia azibe mdomo, wasije watu wakadhani nyumba aliyooa haina mlango. Watu walicheka sana. Yeye alijiona mjanja. Na tangu siku hiyo mkono haukushuka.

"Yalikuwa maneno ya kipumbavu," alisema. "Nilitaka watu wacheke, nikakucheka wewe. Nimekukosea, mke wangu. Nisamehe."

Mama Pacha hakuwa amewahi kumsikia baba yake akiomba msamaha. Alishika tishu bila kuitumia. Dalali alinyoosha mgongo, uso umelainika, kama mtu aliyetua gunia. Akamgeukia Machozi kwa tabasamu, ajiandae.

Machozi akaelekeza kamera.

"Hayo uliniambia mimi," alisema Bibi. "Na nilikusamehe kabla vyombo havijaoshwa. Sasa taja yale uliyomwambia mdogo wangu jioni ile ile, nyuma ya nyumba."



"Mama mdogo?" aliuliza Mama Pacha, taratibu. Mama mdogo huyo hajakanyaga nyumbani kwao tangu yeye hajazaliwa, na kila alipouliza sababu aliambiwa nauli ni ghali.

Tabasamu la Dalali lilibaki usoni bila kazi. Mtu ambaye alikuwa anaweza kutaja bei kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kunywa maji alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, na hakikutoka kitu.

Bibi akaushusha mkono mwenyewe, polepole, akauweka pajani. Hakuwa anacheka.

"Tunakusubiri, baba," alimwambia mumewe. Kisha, bila kumgeukia muuzaji, akaongeza, "Na wewe binti, usishushe hiyo kamera."